Kompyuta ya Michezo: Tuanze na Umeme

Mpunga ukishavunwa na magunia yakishauzwa, fedha huingia mikononi mwa wakulima wa Bonde la Kilombero kwa mkupuo, na aghalabu hutoka kwa mkupuo vilevile. Zamani ziliishia kwenye mabati, baiskeli na redio. Siku hizi limezuka ombi jingine, nalo hutolewa na vijana: kompyuta ya nyumbani yenye nguvu za kuchezea ile michezo mikubwa ambayo simu ya mkononi haiiwezi. Wazazi wengi hulipokea ombi hilo kwa kukunja uso. Sisi hatuoni sababu ya kukunja uso. Kompyuta iwezayo kuonyesha mchezo wa mpira wa miguu bila kukwama huweza pia kuhariri filamu ya harusi, kuchora ramani ya nyumba, na kumfunza mwanafunzi kuandika programu. Kijana wa Ifakara, au wa Malinyi na Mahenge ng'ambo ya Daraja la Magufuli, akiupata ufundi huo amejipatia mlango wa riziki.

Linalotutia wasiwasi ni jinsi fedha hizo zinavyopotea. Kijana husikiliza mashauri ya wataalamu wa Ulaya na Marekani, ambao humwelekeza aanze na kadi ya picha, yaani kile kifaa kinachochora mchezo kwenye kioo. Baada yake huja prosesa, kisha kumbukumbu, na masalio ya fedha ndiyo yanunue kisanduku cha umeme, ambacho mafundi wetu hukiita pawa saplai. Mpangilio huo una mantiki yake kwa mtu anayeishi katika nchi ya baridi, penye umeme usiotikisika. Kwa mkazi wa Ifakara hauna budi kupinduliwa.

Kabla ya kuingia katika vifaa vyenyewe, yafaa kukumbusha kwamba shaka juu ya kompyuta si jambo geni nchini mwetu. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake, baada ya mpango wa kuweka hesabu za Hazina katika mitambo hiyo kwenda mrama. Televisheni nazo zilikumbwa na marufuku ya wakati huo, na Tanzania Bara haikuwa na kituo chake cha televisheni hadi miaka ya 1990. Kwa hiyo kizazi cha wazazi wa leo kilikua bila kuviona vyombo hivi nyumbani, na si ajabu kwamba baba anayeombwa fedha hana la kuuliza ila bei. Tungependa awe na maswali mengine.

Swali la kwanza liwe juu ya umeme. Bonde hili na milima yake huangaza nchi: Kidatu ina uwezo wa megawati 204, Kihansi megawati 180, na maji ya Kilombero huendelea hadi Rufiji, lilipo Bwawa la Julius Nyerere. Lakini kukaa karibu na mtambo hakumhakikishii mtu umeme ulio sawa katika soketi yake. Umeme ukisafiri mwendo mrefu katika nyaya hupungua nguvu, na mashine ya kukoboa mpunga inapowashwa mtaani, taa za majirani hufifia kwa nukta chache. Taa haidhuriki na jambo hilo. Kompyuta iliyo katikati ya kuandika kitu kwenye diski hudhurika.

Ndiyo maana tunasema pawa saplai nzuri inunuliwe mwanzo. Madukani vimejaa visanduku vyepesi vilivyobandikwa karatasi ya wati 500 au 600 ambavyo haviwezi kutoa hata nusu ya hizo kwa saa nzima bila kuungua, na vingine vikiungua huondoka na ubao mama pamoja na kadi ya picha. Kisanduku cha kweli huwa kizito mkononi, huonyesha kwenye lebo yake ni ampea ngapi inazotoa katika njia ya volti 12, na aghalabu huwa na alama ya 80 Plus. Chenye kuandikwa kwamba hupokea volti 100 hadi 240 hustahimili kushuka kwa umeme bila kuzimika ovyo. Hapa kuna hatari moja ambayo lazima itajwe. Mashine kuukuu zilizotoka Marekani pengine huwa na swichi ndogo nyekundu nyuma, yenye kuchagua volti 115 au 230. Ikiachwa kwenye 115, kisha ikachomekwa katika umeme wetu wa volti 230, kinachofuata ni mlio na moshi. Swichi hiyo itazamwe kabla ya kitu kingine chochote.

Baada ya pawa saplai ije stabilaiza au yu-pi-esi. Mnunuzi asidanganyike na tarakimu. Yu-pi-esi ya VA 650 haibebi wati 650. Nyingi hubeba wati 360 hivi, tena kwa dakika chache tu, zinazotosha kuhifadhi kazi na kuzima mashine kwa utaratibu. Betri yake ya risasi huchukia joto, na kila nyuzi 10 hivi zinazozidi 25 hupunguza umri wake karibu nusu; kwa hiyo haifai kuwekwa chini ya dirisha linalopigwa na jua la alasiri. Kadhalika waya wa erthi uwe umefika ardhini kweli, na wakati wa masika radi zinapoanza kunguruma upande wa Udzungwa, plagi ing'olewe ukutani. Hakuna kifaa cha dukani kinachoshinda mkono uliong'oa plagi.

Umeme huo huo una upande wa pili, nao ni wa mfuko. Agizo la bei la EWURA la mwaka 2016 liliwapa wateja wadogo wa nyumbani, kundi la D1, uniti 75 za kwanza za mwezi kwa shilingi 100 kila moja, na kila inayozidi kwa shilingi 350, kabla ya kodi na tozo. Kundi la kawaida, T1, liliwekewa shilingi 292 kwa kila uniti. Tupige hesabu kwa bei hizo. Tuseme nyumba yenye taa, feni na televisheni hula uniti 50 kwa mwezi, yaani shilingi 5,000. Kompyuta yenye kadi kubwa, pamoja na kioo chake, hula wati 300 ikichezewa. Kwa saa 4 kila siku, mwezi mzima ni uniti 36. Jumla imefika 86, na malipo yamepanda hadi shilingi 11,350. Familia ikizoea kuvuka mpaka ule wa 75, huhamishiwa T1, na hapo uniti zile zile 86 hugharimu shilingi 25,112. Kompyuta ya wastani inayokula wati 150 huongeza uniti 18 tu. Jumla 68, shilingi 6,800, na familia inabaki katika kundi lake. Tofauti hiyo hailipwi na kijana aliyechagua kadi. Hulipwa na mama anayenunua LUKU.

Adui wa pili ni joto, na wa tatu ni vumbi, nao hutembea pamoja. Ifakara iko katika tambarare ya chini, na chumba chenye paa la bati lisilo na dari huwa tanuri ifikapo saa nane mchana. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia mwendo ili isiungue, na mchezo huanza kukwama. Mwenye mashine hudhani kadi yake haitoshi akaenda kununua kubwa zaidi, kumbe alihitaji feni mbili. Vumbi letu nalo si la barabarani peke yake. Karibu na mashine za kukoboa hewa hujaa pumba laini, nazo hunata katika mapezi ya kipoza joto mfano wa blanketi. Kasha lifaalo ni lile lenye uso wa wavu mbele. Yale ya kioo kitupu yenye taa za rangi hupendeza macho lakini huifungia hewa moto ndani. Kitambaa cha soksi nyembamba ya nailoni kikivutwa juu ya tundu la feni ya kuingizia hewa huwa chujio jema, nacho hufuliwa. Mashine ipulizwe kwa blowa walau mara moja kwa mwezi, huku mapanga ya feni yameshikwa kwa kidole yasizunguke. Tena isikae sakafuni, maana sisimizi na mijusi hupenda vuguvugu la pawa saplai, na mjusi mmoja mahali pabaya ameshaunguza mashine nyingi.

Tukifika sasa kwenye mashine yenyewe, mtu anaweza kuunda mpya kipande kwa kipande, au akanunua kuukuu ya ofisini na kuiongezea kadi ya picha. Kwa mwenye fedha za magunia machache, sisi tunaipendelea njia ya pili. Kariakoo kuna kompyuta chungu nzima za Dell OptiPlex na HP EliteDesk zilizomaliza kazi maofisini ng'ambo, nazo zilitengenezwa zidumu. Lakini zina masharti. Zile nyembamba hupokea kadi fupi tu. Pawa saplai zake nyingi zina umbo na plagi za kiwanda chenyewe, hivyo huwezi kuzibadilisha kwa ya kawaida. Kwa sababu hiyo, kadi yake iwe ile isiyohitaji waya wa ziada, inayotosheka na wati 75 zitolewazo na tundu la ubao mama, kama vile baadhi ya GTX 1650. Kadi ya RX 6400 nayo ni fupi na haili umeme mwingi, lakini katika mashine za zamani zenye tundu la kizazi cha tatu hupoteza sehemu ya nguvu zake, kwa kuwa hutumia njia nne tu za mawasiliano. Muuzaji hatalisema hilo.

Jingine la kuulizwa ni umri wa prosesa. Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hutaka prosesa za Intel za kizazi cha nane au baada yake. Mashine nyingi za bei ya kutupa ni za kizazi cha nne hadi cha saba. Hizo zaweza kuwekwa Linux na kucheza michezo mingi, lakini si Fortnite wala Valorant. Bora kijana ajue kabla ya kulipa. (Na ajue pia kwamba hilo kasha zima, ambalo karibu kila mtu hapa huliita sipiyu, siyo sipiyu. Sipiyu ni ile prosesa iliyomo ndani, inayoenea katika kiganja. Fundi mwenye hila hufurahia sana mteja anayechanganya hayo mawili.)

Kuhusu hila, kadi ya picha ndiyo inayoongoza. Zipo kadi za zamani, kama GTX 550 Ti, ambazo programu yake ya ndani imeandikwa upya ili ijitangaze kuwa GTX 1050 Ti. Kompyuta hulisoma jina jipya na mnunuzi huridhika, mpaka mchezo unapofunguliwa. Programu ya bure iitwayo GPU-Z huweza kuufichua udanganyifu huo kwa dakika moja, basi ibebwe kwenye flashi. Tena baada ya Septemba 2022, sarafu ya Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi za picha, kadi nyingi zilizokesha miezi na miezi zikifanya kazi hiyo ziliingia sokoni. Si zote mbovu, ila feni zake zisikilizwe: zinazokwaruza zimechoka.

Kumbukumbu ya gigabaiti 16 katika vijiti viwili hufanya kazi vizuri kuliko kijiti kimoja cha ukubwa huo, kwa kuwa prosesa huvisoma vyote viwili kwa pamoja. Bei yake imepanda duniani tangu mwishoni mwa mwaka 2025, kwa sababu viwanda vinawahudumia kwanza wenye mitambo ya akili bandia. Hivyo mashine iliyokwisha kuwa na kumbukumbu yake ndani ni nafuu kubwa kuliko inavyoonekana. Diski iwe SSD.

Vikorokoro vya nje tusivipe nafasi kubwa. Kioo cha vitone 1920 kwa 1080 chatosha. Chenye jina la 4K kina vitone mara nne ya hivyo, na kadi ya wati 75 italemewa. Kibodi ya kawaida huua maadui sawasawa na ile inayomeremeta. Vipokea sauti vya kichwani ni muhimu, hasa kwa majirani. Fedha zilizookolewa hapo zihifadhiwe kwa ajili ya bando, maana mchezo mmoja mkubwa huzidi gigabaiti 100 kuupakua. Rafiki aliye nao anaweza kuunakili kwenye diski ya nje, na baadaye mwenye akaunti akalipia mchezo na kupakua marekebisho tu.

Imebaki safari. Mashine iwashwe dukani na ichezewe walau nusu saa mbele ya mnunuzi kabla fedha hazijabadili mkono. Kisha kadi ya picha ichomolewe, ifungwe peke yake katika kitambaa, na ipakatwe mapajani toka Dar es Salaam hadi Ifakara, kwa kuwa kadi nzito ikiachwa inaning'inia kwenye tundu lake hulivunja kwa mtikisiko wa njia. Kasha nalo lisiwekwe buti la basi chini ya magunia ya watu. Anayesafiri kwa treni ya TAZARA alilaze ubavu, ubao mama ukiwa upande wa chini, na akifika asiiwashe papo hapo bali aifungue kwanza na kukaza kila plagi kwa kidole.