Mbuzi wa akika kutoka Chundwa hadi Mombasa: panga vituo

Wazungu husafiri na mbwa. Sisi wa Chundwa tunasafiri na mbuzi. Mwaka jana nilipeleka wawili Mombasa, akika ya mjukuu wangu wa kiume. Mmoja alinifia njiani kwa joto na kiu, kosa langu mwenyewe. Safari hii nilijipanga hivi.

Kwanza, kibali cha kusafirisha mifugo kutoka kwa afisa wa mifugo. Bila hicho utazuiliwa kizuizini.

Siku ya kwanza, safiri na maji kujaa, maana Mkanda maji yakitoka chombo hupanda mchanga. Ukifika Mokowe, lala. Mbuzi apate kivuli, maji na majani.

Siku ya pili, ondoka asubuhi. Mnyweshe Witu, kisha Garsen. Katikati hapo usisimame ovyo, na usiku usikukute njiani, kwa ajili ya usalama. Ukiwahi, lala Malindi.

Siku ya tatu zimebaki kama kilomita 120 tu. Mfungue miguu kila mnaposimama. Akika yataka mnyama mzima. Ukimfikisha kiwete, utanunua mwingine kwa bei ya Mombasa.