Mtu wa Mto Anapokutana na Wimbi (Sehemu ya Pili)

Toleo lililopita tuliishia Kivukoni, Ifakara, mahali ambapo kwa miaka mingi mtumbwi na pantoni ndivyo vilivyomvusha mtu Mto Kilombero kwenda Ulanga na Malinyi, hadi daraja la mita 384 lilipofunguliwa mwaka 2018. Tulieleza jinsi mvuvi wa bonde letu anavyoingia chomboni: anainama, mikono miwili imeshika kingo, uzito ameuweka chini katikati kabla mguu wa pili haujaiacha ardhi. Tukaeleza pia kwa nini anapoegesha huelekeza omo, yaani mbele ya chombo, kule mkondo unakotoka. Leo tunateremka na maji hayohayo mpaka baharini, ambako nusu ya ujuzi huo utamfaa na nusu nyingine inaweza kumwua.

Kuteremka huko si maneno ya kupamba. Mpanga, Mnyera na Ruhudji hushuka kutoka nyanda za juu na kukutana bondeni, ndipo tunapopata Kilombero. Kilombero nayo inakutana na Luwegu karibu na maporomoko ya Shughuli, inazaliwa Rufiji. Zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji hutoka bondeni kwetu. Tangu Desemba 2022 yanatua kwanza katika Bwawa la Julius Nyerere, kisha yanaendelea hadi delta inayotazamana na Mafia.

Njia ya pili ya kushuka ni reli. Tangu TAZARA ilipokabidhiwa mwaka 1976, kijana wa Uchindile au Mlimba anapanda treni na kushukia Dar es Salaam. Akikosa kibarua mjini anasogea ufukweni, na kwa kuwa amekulia kwenye kafi na pondo, haoni kwamba bahari ni jambo geni. Anaomba nafasi kwenye mtumbwi wa mtu, au anapewa kayaki, ile mitumbwi ya plastiki ambayo siku hizi imezagaa kwenye hoteli za pwani na ambayo baadhi ya watu wanaivulia samaki kwa mishipi. Makala haya ni kwa ajili yake, na kwa ajili ya wazazi wake waliobaki Uchindile.

Mto una upande mmoja. Nguvu yake inatoka juu kwenda chini usiku na mchana, na hata kati ya Machi na Mei, maji yanapofurika na kuimeza mbuga, mkondo haubadili nia kila baada ya sekunde kumi. Ukimwondoa kiboko, ambaye ana ratiba yake, mvuvi wa Kilombero anaweza kuusoma mto mara moja asubuhi na kupanga safari. Ufukoni hakuna kitu kama hicho. Nguvu inakuja, inapiga, inarudi, inanyamaza, halafu inakuja kubwa kuliko ya kwanza.

Wimbi likiwa kilindini halibebi maji kwenda mbali, linabeba nguvu tu. Mtumbwi unapanda na kushuka karibu palepale. Shida inaanza kina kinapopungua. Sehemu ya chini ya wimbi inapunguzwa kasi na mchanga, ya juu inaendelea mbele, na mwishowe wimbi lote linaanguka kama mtu aliyejikwaa. Kwa makadirio ya wajuzi wa bahari, wimbi huvunjika linapofika kwenye kina cha takribani mara moja na theluthi ya kimo chake. Wimbi la mita 1, basi, linavunjikia kwenye maji ya mita 1.3 hivi, ambayo kwa mtu mzima ni maji ya kifua. Hebu tulizingatie hilo. Mahali pa hatari kuliko pote ni pale ambapo mgeni anajiona salama kwa sababu miguu yake inagusa chini. Mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina uzito unaozidi kilo 1,000. Mtumbwi uliojaa maji nusu tu, ukisukumwa na wimbi kukuelekea, hausimamishwi kwa mikono.

Msomaji wa Unguja au Tanga atauliza ni mawimbi gani hayo, maana mbele ya fukwe nyingi za kwetu kuna mwamba wa matumbawe unaoyavunja mbali, na ndani yake maji yametulia. Ni kweli, na ndiyo sababu mtumbwi mdogo usio na injini umeweza kuwalisha watu wa pwani karne nyingi. Lakini mwamba si ukuta. Una milango, na milangoni mawimbi hupita. Tena maji yakijaa, hasa wakati wa bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari inapanda hadi mita 3 na zaidi juu ya pale ilipokuwa maji yalipokupwa, na mawimbi yanapita juu ya mwamba uleule uliokuwa ukiyazuia asubuhi. Kwa hiyo ufuko uliouacha saa moja ukiwa shwari si lazima uwe ndio utakaoukuta saa saba. Ziko pia fukwe zilizo wazi, kama baadhi ya zile za Kigamboni, na upo msimu wa kusi, ambapo upepo unasukuma bahari kuelekea nchi kavu kwa miezi kadhaa mfululizo. Anayetaka kujifunza aanze wakati wa maji mafu, siku ambazo bahari hupanda na kushuka kidogo.

Mawimbi huja kwa makundi. Yanatoka kwenye pepo mbalimbali, mengine mbali mno kusini mwa Bahari ya Hindi, na yanapokutana yanaongezana au kupunguzana nguvu. Ndipo unapoona makubwa matatu au matano yamefuatana, kisha utulivu. Wapo wanaoapa kwamba la saba ndilo kubwa. Siwasadiki. Kaa mchangani robo saa ukiangalia, mtumbwi ukiwa juu penye pakavu, na utaona mwenyewe ufuko wako unakwendaje siku hiyo. Angalia pia mahali ambapo mawimbi hayavunjiki na maji yana rangi nzito yenye mchanga yakirudi baharini. Huo ni mkondo wa kurudi. Mwogeleaji anatakiwa aukimbie, ila mwenye chombo akiujua vizuri anautumia kutokea, maana ndipo mahali mawimbi yanapokuwa madogo.

Kutoka ndiyo kazi nyepesi. Kila kitu kifungwe: nyuzi, ndoana, kopo la kufulia maji, samaki wa chambo. Ndoana inayoning'inia ni kisu siku mtumbwi ukipinduka, na kamba ndefu iliyolegea ni mtego wa miguu. Omo itazame bahari moja kwa moja. Simama ubavuni mwa mtumbwi maji yakiwa ya goti, subiri kubwa la mwisho la kundi lipite, kisha ingia na upige kafi bila kusita. Wengi wanaharibu hapa. Wanaona wimbi linainuka mbele, wanaacha kupiga kafi ili walitazame, na chombo kisicho na mwendo kinageuzwa ubavu papo hapo. Likija, inama mbele na ulichome kwa omo.

Tuseme imeshindikana, chombo kimekaa ubavu na povu linakuja. Hapa mazoea ya mto yanakuwa adui. Mtu wa Kilombero, mkondo ukimbana ubavuni kwenye gogo au jiwe, anaegemea kule maji yanakokwenda, upande wa kizuizi. Yuko sahihi, kwani akiegemea juu ya mkondo maji yatapanda ukingoni na kuujaza mtumbwi. Ufukoni ni kinyume. Uegemee wimbi lenyewe, upande wa bahari, na kafi uliweke juu ya povu kama unalilalia. Ukifanya kama ulivyozoea mtoni, ukaegemea nchi kavu, ukingo wa chini unajikita majini, wimbi linakubinua, na mtumbwi unakuja juu yako. Mwili hauna muda wa kufikiri, utafanya ulichozoea. Hii haisomwi gazetini ikatosha, inafanyiwa mazoezi kwenye vimawimbi vya kimo cha goti mpaka mwili ukubali.

Kanuni moja ya mtoni lakini inabaki vilevile. Mtoni hatusimami chini ya mtumbwi uliokwama, kwa sababu ukichomoka utakubana. Baharini usisimame kamwe kati ya mtumbwi na nchi kavu. Ukipinduka, toka upande wa bahari. Ukiusukuma, sukuma ukiwa ubavuni au upande wa bahari. Ukiwapo mchangani kumpokea mwenzako, mpokee kwa pembeni. Watoto wanaokimbilia mtumbwi unaoingia ili waone samaki wafukuzwe, hata kama mama zao watanuna.

Kuvuka povu ukiwa na mzigo si jambo la kwetu tu; watu wa Ghana walilifanya kwa ukubwa. Kabla ya bandari ya Tema kufunguliwa mwaka 1962, meli zilizofika Accra zilitia nanga nje, na kakao na bidhaa nyingine zikavushwa kwa mashua za makafi kupitia mawimbi, wapiga kafi wakienda kwa mapigo ya pamoja na nahodha akisimama nyuma na kafi refu la kuongozea. Waliokuwa wakivuta hawakuangalia nyuma. Kuangalia ilikuwa kazi ya mtu mmoja. Kule Madras, ambako leo panaitwa Chennai, mashua za ufukoni zilishonwa kwa kamba za makumbi badala ya kupigwa misumari, ili mbao zinyumbuke chombo kinapogonga mchanga. Mtepe wa pwani yetu nao ulishonwa vivyo hivyo, na nadhani sifa hiyo haikupewa uzito unaostahili. Mtumbwi wa gogo haunyumbuki, ukigonga mwamba unapasuka. Plastiki ya kayaki inavumilia zaidi, na nyingi zina matundu sakafuni yanayomwaga maji zenyewe, kwa hiyo hazijai kama mtumbwi. Ila wepesi wake ndio unaozifanya zigeuzwe haraka.

Kurudi ndiko kunakoua. Kutoka nje unaona uso wa kila wimbi linalokuja; kurudi unaona migongo tu, na mgongo wa wimbi kubwa unaonekana mpole. Isitoshe mvuvi amechoka, jua limemchoma, samaki wanaharibika na wanunuzi wanamsubiri ufukweni. Simama nje kidogo ya mahali mawimbi yanapovunjikia, omo ikitazama bahari, na uhesabu upya, hata kama ulihesabu asubuhi. Kundi kubwa likipita, geuza na ulifuate wimbi la mwisho ukiwa mgongoni mwake. Usilipite. Mtumbwi ukiwa mbele ya wimbi unateremka usoni pake, omo inachimba maji, tezi, yaani nyuma ya chombo, inainuka, na chombo kinapinduka kichwa mbele na wewe ukiwa ndani. Ukihisi tezi inanyanyuliwa, vuta mwili nyuma na upige kafi kinyumenyume mpaka likupite.

Ipo njia nyingine, nayo ndiyo ningemwanzishia mgeni. Ingia kinyumenyume. Omo inaendelea kutazama bahari, unarudi nyuma kidogokidogo katika vipindi vya utulivu, na kila wimbi linapokuja unasogea mbele hatua chache kulipokea kwa omo. Inachukua muda na haina madaha. Vijana wanaiona ya kizee. Lakini anayeingia hivyo anaona kila kinachomjia, na mtu wa mto itamkumbusha jinsi anavyoegesha kwao, omo ikielekea nguvu inakotoka. Maji yakifika goti, shuka upande wa bahari, shika omo, ngoja povu linalofuata likusaidie kupandisha, kisha uvute chombo hadi penye mchanga mkavu bila kusimama kuhesabu samaki. Wimbi linaporudi huchimba mchanga chini ya visigino, na hapo ndipo watu huanguka, wakiwa wameshafika.

Jaketi okozi livaliwe kabla ya kuingia, lifungwe vifungo vyote. Kulikalia kama mto wa kiti, jinsi wengi wanavyofanya, ni sawa na kuliacha nyumbani. Najua bei yake inauma. Mwenye chombo ndiye anayepaswa kulinunua, maana yeye ndiye anayechukua mgawo wa chombo kila jioni.

Na kabla ya hayo yote, sikiliza redio. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa taarifa za bahari kila siku, na hali ikiharibika hupanda kwa ngazi tatu: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Ukisikia upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, jua hayo ni ya vyombo vikubwa, si ya mtumbwi wala kayaki. Mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokaribia Mafia, taarifa zilitangulia siku kadhaa. Boti za Dar es Salaam na Zanzibar zilisitisha safari kabla hakijafika. Kama meli ya mamia ya abiria imefunga kamba bandarini, kijana wa Uchindile aliyeingia pwani mwezi uliopita hana sababu ya kushusha mtumbwi.

Kwa wenye vyombo wa pwani nina ombi moja: mkimpokea kijana kutoka bara anayesema anajua kafi, mwaminini, kweli analijua. Mpeni kwanza chombo kitupu, siku ya maji mafu, aingie na kutoka mpaka mridhike, ndipo mumpe nyavu.

Itaendelea.