Biashara ya Taa za Ziada za Pikipiki Kitengela na Kajiado

Katika barabara kuu itokayo Athi River kupitia Kitengela, Isinya, mji wa Kajiado na Bissil hadi mpakani Namanga, kazi ya kufunga taa za ziada za LED kwenye pikipiki imekuwa tawi linalojitegemea la soko la vipuri, lenye waagizaji wake, wauzaji wake wa rejareja na mafundi wake. Soko hilo lina kasoro ya msingi katika upangaji wa bei, kwa kuwa mnunuzi hulipia kile anachokiona kikiwaka, ilhali usalama na uimara wa kazi nzima hutegemea nyaya, fyuzi, viungo na muda wa fundi, mambo ambayo hayana bei iliyokubaliwa na ambayo hupunguzwa kwanza pindi mapatano yanapoanza.

Mahitaji ya taa hizi yana sababu za kweli, wala si urembo wa vijana kama inavyodhaniwa mara nyingi. Serikali ya Kenya ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye pikipiki ndogo mwaka 2008, bodaboda ilienea haraka nchini, na Kitengela, mji uliokua kutokana na viwanda vya saruji vya Athi River na eneo la uzalishaji wa bidhaa za kuuza nje lililoanzishwa chini ya sheria ya mwaka 1990, ukapata wateja wengi wa usafiri huo. Sensa ya mwaka 2019 iliihesabu Kaunti ya Kajiado kuwa na watu 1,117,840, na sehemu kubwa ya wakazi wa Kitengela huishi mbali na lami, katika mitaa ambayo njia zake ni za murram au za udongo mweusi wa mfinyanzi na ambayo taa za barabarani hazijaifikia. Kwa kuwa eneo hili li karibu na ikweta, jua huzama muda mfupi baada ya saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, hivyo mfanyakazi wa zamu ya kiwandani, mchuuzi wa mboga na mfanyabiashara arudiye kutoka mnada wa mifugo wa Bissil wote hubebwa gizani. Njiani kuna ng'ombe na punda waliochelewa kurudi bomani, na katika nyanda za Athi na Kapiti pundamilia bado huvuka barabara usiku.

Hesabu ya mwendo huonyesha kwa nini mwanga ni suala la uhai. Pikipiki inayokwenda kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kila sekunde. Dereva akihitaji sekunde moja na nusu kutambua hatari na kushika breki, atakuwa amekwisha kwenda mita 25, na kusimama penyewe kwenye lami kavu huongeza mita nyingine zaidi ya 25. Taa ya mbele ya pikipiki nyingi za sentimita za ujazo 100 hadi 150, kama vile Bajaj Boxer na TVS HLX zinazotawala vituo vya bodaboda, kwa miaka mingi imekuwa balbu ya waya unaowaka yenye wati 35 hivi, na kioo chake kikishapata vumbi na mikwaruzo hubaki na mwanga hafifu sana kuonyesha fahali mweusi aliyesimama mita 50 mbele.

Kilichofanya dawa ya tatizo hili ipatikane kwa bei ndogo ni ugunduzi wa mbali. Diodi itoayo mwanga, ambayo ndiyo LED, ni kipande kidogo cha nusu-kipitishi kinachotoa mwanga umeme unapopita ndani yake pasipo kupasha waya moto kwanza. Ile ya rangi ya buluu, ambayo ikipakwa unga maalumu hutoa mwanga mweupe, ilitengenezwa Japani mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walitunukiwa kwa kazi hiyo Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Viwanda vya Uchina vilipozizalisha kwa wingi, taa hizo ziliingia Nairobi, zikajaza maduka ya Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado huiita Grogan, na kutoka huko huchukuliwa kwa jumla na wenye maduka ya spea wa Kitengela na mji wa Kajiado.

Dukani, taa hupimwa kwa namba iliyochapishwa kwenye boksi, na namba hiyo si ya kutegemewa. Taa ndogo iliyoandikwa makumi ya wati mara nyingi haiwezi kubeba kiasi hicho, kwa sababu kipande cha alumini kilicho nyuma yake, ambacho kazi yake ni kutawanya joto, ni chembamba mno, na diodi isiyopoa hufifia baada ya miezi michache. Fundi mwenye mita ya umeme huujua ukweli kwa dakika moja: huunga taa kwenye betri, husoma ampea zinazopita, kisha huzidisha kwa volti. Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, limekuwa likitaka bidhaa zikaguliwe katika nchi zinakotoka tangu mpango wake wa ukaguzi ulipoanza mwaka 2005, lakini ukaguzi wa bandarini na nje ya nchi hauwezi kuchukua nafasi ya mita hiyo kaunta, na duka litakaloiweka mbele ya mteja litakuwa limefanya jambo la maana kuliko tangazo lolote.

Umeme wenyewe una mipaka. Pikipiki huuzalisha kwa stata, yaani duara la koili za shaba ndani ya injini ambalo huzungukwa na sumaku na kutoa mkondo geu, umeme unaobadili mwelekeo wake mara nyingi kwa sekunde. Kisha rektifaya yenye kidhibiti huugeuza kuwa mkondo mnyoofu na kuzuia volti zisipande kupita kiasi, ndipo betri ya volti 12 ichajiwe. Jozi ya taa zenye jumla ya wati 40 za kweli huvuta ampea 3.3 hivi. Betri yenye ujazo wa saa-ampea 5, ambayo ni ya kawaida kwa pikipiki ya kupiga teke, ingeziwasha kwa saa moja na nusu tu kwa hesabu ya karatasi, na kwa muda mfupi zaidi ikiwa imechakaa, kwa hiyo dereva anayeziacha zikiwaka stejini injini ikiwa imezimwa hununua betri mpya mapema bila kujua kwamba gharama hiyo ni sehemu ya bei ya taa.

Ufungaji wenyewe, ukifanywa ipasavyo, ni kazi ya utaratibu. Waya mkuu hutoka kwenye ncha chanya ya betri, na karibu kabisa na betri huwekwa fyuzi, kipande chembamba kinachoyeyuka mkondo ukizidi. Kwa jozi iliyotajwa fyuzi ya ampea 5 inatosha, na ieleweke kwamba hulinda waya usiungue, wala haikuwekwa kwa ajili ya taa. Kutoka hapo umeme huingia kwenye rilei, swichi inayoendeshwa na sumaku-umeme, ambayo huwezesha mkondo mdogo wa swichi ya usukani kufungulia mkondo mkubwa wa taa. Ncha zake zina namba zinazofanana karibu duniani kote, 30 ikipokea umeme wa betri, 87 ikienda kwenye taa, 85 na 86 zikiwa za koili. Waya wa hasi hurudishwa hadi betrini badala ya kutegemea fremu yenye rangi na kutu. Viungo hulehemiwa au hubanwa kwa koleo na kufunikwa kwa mpira unaosinyaa kwa joto, na nyaya huachiwa ulegevu pale shingoni mwa usukani, ambapo kila kona hukunja waya, na ambapo ganda likichubuka shaba hugusa chuma chini tu ya tangi la petroli.

Hapo ndipo mapatano ya bei yanapouma. Mteja ambaye amekopa pikipiki na hulipa marejesho kila siku kwa M-Pesa hutazama fyuzi, rilei na mpira kama vitu vya kuongezewa gharama, na fundi ambaye hulipwa kwa kazi moja moja, akiwa na wenzake kando ya barabara ileile walio tayari kupunguza, hukubali kusokota shaba kwa vidole na kuizungushia tepu. Waya wa bei ya chini nao mara nyingi si shaba tupu bali ni alumini iliyopakwa shaba, na kwa kuwa alumini ina ukinzani wa mara 1.6 hivi ya shaba, waya huo hupata joto zaidi, tena huvunjika upesi kwa mtikisiko wa barabara za murram. Mvua za masika zinapoanza, gundi ya tepu huachia, maji huingia, shaba hugeuka kijani, na pikipiki inarudi kwa fundi yuleyule au kwa mwingine kukarabatiwa kwa fedha ambazo, zikijumlishwa, zingelipia kazi nzuri tangu mwanzo. Haifai kumlaumu fundi peke yake, kwani soko halijampa njia ya kuuza kile anachokijua.

Tatizo la kuwapofusha wengine, ambalo madereva wa malori ya saruji hulilalamikia zaidi, nalo lina mzizi kwenye nyaya. Njia nzuri ni kuchukua ishara ya rilei kutoka waya wa fulu, yaani mwanga mrefu, ili dereva akishusha dimu anapokutana na gari taa za ziada zizimike zenyewe. Lakini kwenye pikipiki nyingi za bei nafuu taa kubwa hulishwa moja kwa moja na stata kwa mkondo geu, na rilei ya kawaida ikipewa mkondo huo hutetemeka na kulia badala ya kushika. Fundi asiyekuwa na diodi na kapasita za kuunyoosha huweka swichi ya pembeni, na swichi ya pembeni husahauliwa ikiwa imewashwa. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, na kanuni zake husimamia taa za vyombo vya barabarani, na Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, ndiyo yenye jukumu la ukaguzi, lakini msako wa barabarani hung'oa taa bila kutofautisha iliyoinamishwa chini na kuungwa na fulu na ile inayochoma macho, na hivyo dereva mwangalifu hukosa faida ya uangalifu wake.

Hatua zilizo karibu zaidi ziko mikononi mwa wenyeji. Katiba ya mwaka 2010 iliwapa magavana na mabunge ya kaunti usimamizi wa biashara na vyuo vya ufundi vya vijiji, na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, hutoa mitihani ya daraja kuanzia la tatu hadi la kwanza ambayo fundi wa jua kali anaweza kuifanya kwa ujuzi alioupata kazini. Vyama vya bodaboda, ambavyo tayari hukusanya michango na kujadiliana juu ya vituo, vinaweza kukubaliana na maduka juu ya seti moja inayouzwa pamoja, yenye taa, rilei, fyuzi, mita chache za waya wa shaba na malipo ya fundi kwenye risiti moja, na mkopo mdogo wa chama ukalipia seti hiyo nzima badala ya taa peke yake.

Pikipiki za umeme zinazouzwa na kampuni kama Roam, Ampersand na Spiro zitaharakisha mabadiliko hayo, kwa sababu betri zao zina volti nyingi kuliko 12, na taa hulishwa kupitia kibadilishaji kinachoshusha volti hizo, chenye kikomo cha ampea kinachojulikana. Fundi atakayezizoea hizo atalazimika kusoma mchoro wa nyaya kabla ya kukata chochote, na duka litakalomuuzia taa litalazimika kumwambia ampea zake za kweli.