Jedwali: Kumbe Hili Neno la Mtihani Lilianza Kama Mto?

Chama yetu ya mtaa ilikaribia kuvunjika juu ya thao moja na soo sita. Tuko wasee tisa, kila mtu anatoa soo mbili kwa wiki, na rekodi zote ziko kwa grupu ya WhatsApp: "Nimetuma," "Ya Mwas imeingia," halafu meme kumi hapo katikati. Wiki ya nane doo haikutosha, na macho yote yakamwendea mweka hazina. Msee mmoja hata akaanza kuuliza zile njumu mpya amenunua na pesa gani.

Nikatoa kitabu, nikachora mistari. Majina yakashuka upande wa kushoto, wiki zikapangwa juu. Tukapitia meseji moja moja tukijaza. Masanduku yaliyobaki tupu yalikuwa nane. Zidisha na soo mbili, hiyo ndio thao na soo sita. Mweka hazina hakuwa amekula kitu. Na matatu kati ya hayo masanduku yalikuwa yangu, manze.

Hiyo kitu nilichora ndio jedwali, lile la "jaza jedwali lifuatalo" lililotutoa jasho shule ya msingi. Ni habari zilizopangwa kwa safu za kushuka na safu za kwenda kando, ndio kila sanduku lijibu maswali mawili mara moja. Nani? Wiki gani? Meseji zilikuwa nayo hayo majibu kitambo, lakini meseji haikuonyeshi pengo. Hakuna mtu hutuma meseji kusema hajalipa.

Neno lenyewe tulilitoa kwa Kiarabu, jadwal, na huko lina maana ingine pia: kijito, kamfereji kembamba ka maji. Cheki tu venye safu zinateremka kwa karatasi, utaona mbona. Walioandika vitabu vya Kiarabu kwa mkono waliita pia jadwal ile mistari ya kuzungushia maandishi kwa ukurasa.

Wazungu wao walianza na mbao. "Tabulate," yaani kupanga kwa jedwali, imetoka kwa "tabula" ya Kilatini: ubao, ama kibao cha kuandikia. "Table" na "tablet" ni watoto wa huyo huyo mzazi. Hata kile kitufe cha Tab kwa kibodi ni kifupi cha "tabulator," kifaa cha taipureta cha kukurusha hadi safu inayofuata. Ila chunga ukitafsiri: ukiambiwa uchore "table" ya data, usichore meza. Meza tulipewa na Wareno.

Halafu kuna buda anaitwa Herman Hollerith. Sensa ya Marekani ya 1890 ilikuwa na watu zaidi ya milioni 62, na kuhesabu kwa mkono kungemaliza miaka. Akaunda mashine ya kusoma kadi zilizotobolewa mashimo, kila shimo na maana yake: umri, jinsia, kazi. 1896 akafungua kampuni, Tabulating Machine Company. 1911 ikaunganishwa na zingine, na 1924 hiyo kampuni ikabadilishwa jina. Siku hizi unaijua kama IBM.

Mimi kwa yale masanduku yangu matatu nimelipa mawili. Mweka hazina amebandika jedwali kwa ukuta wa base, na sanduku langu ameliachia wino mwekundu.