Je, Wajua? Siku Jua Lilipopatwa Biharwe

Je, wajua kwamba tarehe 17 Aprili 1520 ni miongoni mwa tarehe chache za kale za bara ya Afrika Mashariki zinazotajwa hadi siku yenyewe? Mahali penyewe ni Biharwe, njiani kutoka Mbarara kwenda Masaka, nchini Uganda.

Masimulizi ya wazee yanaeleza kwamba Olimi, mfalme wa Bunyoro, aliivamia Nkore iliyotawaliwa na Ntare Nyabugaro. Jeshi lake lilikwisha kuteka ng'ombe wengi. Lilipofika Biharwe, giza likaingia mchana. Askari walishikwa na hofu, wakaacha mateka yao, wakarudi kwao. Leo pana mnara wa ukumbusho mahali hapo.

Sababu ya giza hilo

Jua hupatwa mwezi unapopita kati yake na dunia, kivuli cha mwezi kikatuangukia. Kipenyo cha jua ni kama mara 400 ya kile cha mwezi, lakini jua liko mbali nasi kiasi cha mara 400 zaidi. Ndiyo maana mwezi mdogo huweza kulifunika lote. Jambo hili hutokea wakati wa mwezi mwandamo tu, na si kila mwezi, kwa kuwa njia ya mwezi imeinama kama nyuzi 5. Kivuli hicho ni chembamba, hivyo mahali pamoja huweza kukaa karne kadhaa bila kupata giza kamili.

Adimu hiyo ndiyo iliyowafaa wanahistoria. Orodha ya wafalme huonyesha nani alimfuata nani, lakini haitaji miaka. Walipolinganisha masimulizi na hesabu za wanafalaki, waliona kuwa kivuli cha mwaka 1520 kinaafikiana nayo. Wako waliopendekeza 1492, ila 1520 ndio mwaka uliokubaliwa na wengi.

Neno lenyewe

Sisi walimu wa lugha tutazame pia kitenzi. Twasema mtu amepatwa na homa, amepatwa na msiba; na jua nalo hupatwa. Ila katika jua hatumtaji aliyelipata. Huenda waliolitumia kwanza neno hili waliliona jambo hilo kuwa balaa, kama walivyoliona askari wa Olimi. Sayansi imebadili maelezo, neno limebaki.

Kazi iliyo mbele yetu

Kusini ya Mbarara, wilayani Isingiro, iko makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Humo wamo watu kutoka Kongo, Burundi, Rwanda na kwingineko, na wengi wao huelewana kwa Kiswahili. Wamo wazee waliokuja na masimulizi ya kwao, mbali na makaburi na vilima vinavyotajwa humo. Mzee akifariki, hakuna kilima cha kumkumbusha mjukuu.

Mwanafunzi anayekusanya fasihi simulizi huko asifute mambo yanayoonekana ya ajabu, wala asiyageuze yawe mafunzo ya maadili tu. Aandike kama alivyoambiwa: mahali, majina, msimu, mazao yaliyokuwa shambani, hali ya mbingu. Lau waliopokea habari ya Biharwe wangaliliacha lile giza kwa kuliona ni hekaya, tusingekuwa na tarehe ya kuihesabu leo.