Kiwanja Yalikoanzia Makumbusho ya Nairobi

Ukishuka matatu pale GPO siku ya kazi, mpenzi msomaji, huna nafasi ya kutazama juu. Umati unakusukuma, manamba anaita abiria wa Kawangware, nawe unaharakisha kuingia Nyayo House kabla foleni ya pasipoti haijawa ndefu. Jumapili mambo ni tofauti. Simama kidogo kwenye kona hiyo ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway, umshike mwanao mkono, kisha umwambie kwamba mahali liliposimama jengo hilo refu ndipo makumbusho ya kwanza ya Nairobi yalipofunguliwa mwaka 1910.

Huenda asikuamini. Hata mimi nilipoambiwa mara ya kwanza nilidhani natiwa mchangani, kwa kuwa nilijua makumbusho ni yale ya Museum Hill tuliyopelekwa tukiwa shule ya msingi, tukaogopa nyoka na kununua aiskrimu.

Hadithi yenyewe inaanza mwaka mmoja kabla ya hapo. Mnamo 1909, mji huu ukiwa na umri wa miaka 10 tu tangu reli ifike, maafisa kadha wa serikali ya kikoloni, wamisionari na walowezi waliunda Chama cha Elimu ya Viumbe cha Afrika Mashariki na Uganda. Walikuwemo Frederick Jackson, bingwa wa ndege ambaye baadaye alikuwa gavana wa Uganda. Charles Hobley, afisa wa utawala. Na Harry Leakey, mmisionari wa Kabete na babake Louis Leakey unayemsoma katika vitabu vya historia. Kazi yao ya ridhaa ilikuwa kukusanya ndege, wadudu, ngozi na mimea, na kuandika makala juu ya waliyoyaona. Haukupita muda wakapatwa na tatizo ambalo kila mama mwenye nyumba analijua vyema: vitu vilizidi kabati. Ndipo wakatafuta nyumba ya kuviweka.

Nyumba hiyo nayo ikawa ndogo. Mnamo 1922 wakahamia karibu na mahali ilipo hoteli ya Serena hivi leo, na mwaka 1929 serikali ikatenga ardhi juu ya kilima ng'ambo ya mto. Jumba jipya lilifunguliwa tarehe 22 Septemba, 1930, likapewa jina la Robert Coryndon, gavana aliyekuwa amefariki mwaka 1925. Baada ya uhuru jina hilo likaondolewa.

Chama chenyewe hakikufa. Siku hizi kinaitwa Nature Kenya, na watu wake bado hukutana kwenye uwanja wa makumbusho Jumatano asubuhi, darubini shingoni, kwenda kutazama ndege. Ukiwa na mwanafunzi aliye likizoni asiyebanduka mbele ya simu, mpeleke huko. Hakuna mtihani.

Ndege kwanza, watu baadaye

Hata hivyo, yafaa tuseme kweli. Waanzilishi hao walihesabu ndege wa nchi hii kwa uangalifu mkubwa kuliko walivyowahesabu wenyeji wake. Waliobeba mizigo, waliotega wanyama na kuwaonyesha wageni njia walikuwa Waafrika, lakini ukizisoma kumbukumbu za enzi hizo ni nadra kukutana na majina yao. Ilichukua muda mrefu hali hiyo kubadilika, na ukitaka kuona ilivyobadilika tafuta habari za Kamoya Kimeu.

Kamoya, mwana wa Ukambani, aliajiriwa na akina Leakey mwaka 1960 kama kibarua wa kuchimba. Mwaka 1984, pale Nariokotome magharibi ya Ziwa Turkana, aliona kipande kidogo cha fuvu kilichofanana rangi na kokoto zilizokizunguka. Mtu mwingine angelikanyaga na kupita. Uchimbaji ulipoendelea ikatoka mifupa ya kijana aliyeishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita, mmojawapo wa mifupa kamili zaidi ya binadamu wa kale kuwahi kupatikana duniani. Mifupa hiyo ni mali ya makumbusho yetu. Kamoya alifariki mwaka 2022, na ni aibu kwamba watoto wengi wanaoijua mifupa ile hawamjui aliyeiona.

Uani utamkuta Ahmed, yule ndovu wa Marsabit aliyelindwa kwa amri ya Rais Kenyatta mwaka 1970 hadi alipokufa mwaka 1974. Unayemwona hapo ni sanamu, si ndovu aliyekaushwa. Mwambie mtoto mapema, maana wengine huuliza mbona hapepesi macho.

Jumba hilo lilifungwa kwa ukarabati mkubwa mwaka 2005 na kufunguliwa tena 2008, kwa hivyo kama ulilizuru zamani, ukirudi utadhani umepotea. Aidha, tangu 1971 kuna Chama cha Marafiki wa Makumbusho ambacho wanachama wake hujitolea kuchanga fedha, kuandaa safari na kuchapisha jarida la historia. Si lazima uwe profesa ndipo ujiunge.

Barabara ya Waiyaki

Ukitoka Museum Hill kuelekea Westlands, Kangemi na Kabete, uko juu ya Waiyaki Way. Maelfu ya abiria huitaja barabara hiyo kila siku wakilalamikia msongamano. Waiyaki wa Hinga alikuwa kiongozi wa Wakikuyu wa upande wa Dagoretti. Mwezi wa Oktoba 1890 alikula kiapo cha urafiki na Frederick Lugard, nahodha wa kampuni ya Waingereza iliyotaka kujenga ngome huko. Urafiki haukudumu. Agosti 1892 Waiyaki alikamatwa katika ngome ya Fort Smith, karibu na Kabete, akasafirishwa kuelekea pwani, na njiani akafia Kibwezi. Mwulize mwanao wa sekondari, mkiwa kwenye msongamano huo huo, barabara hii ilipewa jina la nani. Mimi niliwauliza wanafunzi watatu ndani ya matatu moja. Mmoja alisema ni mwanasiasa wa vyama vingi, wawili wakatabasamu.

Mbele zaidi upande huo wa magharibi kuna Karen, na huko kuna nyumba ya mawe aliyoijenga Msweden Åke Sjögren mwaka 1912. Karen Blixen, mwandishi wa Denmark, na mumewe Bror waliinunua mwaka 1917 pamoja na shamba. Kahawa haikustawi vizuri kwenye nyanda hizo za juu, na mwaka 1931 akauza kila kitu akarudi kwao. Serikali ya Denmark iliinunua na kuipa Kenya kama zawadi ya uhuru, na mwaka 1986, filamu ya kitabu chake ikiwa imeshaenea dunia nzima, nyumba ikafanywa makumbusho.

Wageni wengi hupiga picha barazani, vilima vya Ngong vikionekana kwa mbali. Nakushauri usiondoke kabla hujaulizia jiko. Huko ndiko alikofanya kazi Kamante Gatura, kijana aliyetibiwa miguu akawa mpishi hodari. Mwaka 1975 simulizi zake mwenyewe zilichapishwa kitabuni, na humo mwenye shamba anatazamwa kutoka upande wa jikoni.

Aliyenunua tulivyotupa

Turudi mjini. Jumba la Moi Avenue ambalo vijana huwekeana miadi mbele yake na kuliita Archives tu, lilikuwa benki zamani. Sasa ni Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, na ukumbi wa chini umejaa mikusanyo ya Joseph Murumbi.

Murumbi alizaliwa 1911 huko Eldama Ravine, baba Mgoa na mama Mmaasai. Mwaka 1966 alikuwa makamu wa rais kwa miezi michache, akajiuzulu. Mapenzi yake makubwa yalikuwa kukusanya. Alinunua vinyago, vitambaa, mapambo, stempu, barua, na vitabu zaidi ya 50,000. Wanunuzi wa nje walimtaka awauzie, naye akachagua kuiuzia serikali ya Kenya ili mali hiyo isiondoke nchini. Nyumba yake ya Muthaiga ilikuwa igeuzwe taasisi ya utafiti. Haikuwa. Alifariki mwaka 1990 na amezikwa City Park, karibu na kaburi la rafikiye Pio Gama Pinto, aliyeuawa mwaka 1965.

Kila niingiapo katika ukumbi huo nakumbuka jambo lililotokea kwetu, ambalo si la kujivunia. Marehemu babu alikuwa na kibweta cha chuma cha kipande, kile alichovaa shingoni akiwa kibarua kwenye shamba la mlowezi, kwa vile bila hicho Mwafrika alikamatwa njiani. Babu alipofariki tulifagia nyumba. Mnunuzi wa vyuma vikuukuu akapita na mkokoteni wake, tukampa sufuria mbovu, bawaba za mlango na kibweta. Nilikuwa darasa la sita, na ndimi niliyekibeba hadi barabarani. Miaka mingi baadaye, chuoni, nikatakiwa kuandika juu ya sheria ya kipande. Nilikieleza kwa kutazama picha ya kibweta cha mtu mwingine.

Kwa hivyo wewe uliye na shangazi au nyanya aliye hai, chukua daftari leo. Profesa Bethwell Ogot, aliyefariki Januari 2025, aliandika historia ya Wajaluo wa kusini kwa kusikiliza wazee wakati wataalamu wa Ulaya walipodai kwamba pasipo maandishi hapana historia. Chama cha wanahistoria wa Kenya kilichoundwa 1966, naye akiwa miongoni mwa viongozi wake, kilikiita kitabu cha mikutano yake jina zuri: Hadith.

Jirani ya Nyayo House

Tumalizie pale tulipoanzia. Karibu na Nyayo House kuna jengo la mawe la mwaka 1913 lililokuwa afisi ya mkuu wa mkoa. Humo waliandikishwa waliozaliwa, waliooana na waliokufa. Siku hizi ni Nairobi Gallery, na vitu vingine vya Murumbi vimo humo. Tafuta pia alama ambayo umbali wa kwenda sehemu nyingine za nchi ulipimwa kuanzia hapo. Watoto hupenda kuikanyaga.

Kisha mtazame tena Nyayo House. Chini yake kuna vyumba vya giza ambamo, katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, watu walioshukiwa kuipinga serikali walifungiwa na kuteswa, wengine wakisimamishwa ndani ya maji. Walimu, wanafunzi wa vyuo vikuu, mawakili na wakulima walipitia humo, na Mahakama Kuu imeamuru wengi wao walipwe fidia. Februari 2003 milango ilifunguliwa kwa mara ya kwanza, baadhi ya waliofungwa wakarudi wakiwa na waandishi wa habari kuonyesha ukuta waliouegemea. Siku hizo serikali iliahidi kuvifanya vyumba hivyo makumbusho.

Waliotoka humo wakiwa vijana sasa ni babu na nyanya. Wengine wamekwisha kufariki. Makumbusho waliyoahidiwa bado wanayadai, katika kiwanja kile kile cha mwaka 1910.