Kamera inayomwona dereva akisinzia, na kabichi za kuwahi Kongowea

Baadhi ya kabichi na viazi unavyovikuta Kongowea kukicha, jana yake jioni vilikuwa bado Ndabibi, ng'ambo ya Ziwa Naivasha. Ni safari ya kama kilomita 600, na huendeshwa usiku kucha, aghalabu na mtu mmoja. Nilikwenda Ndabibi kwa shughuli za mzigo nikaona lori linavyopakiwa. Dereva yuko macho tangu saa kumi na mbili asubuhi, anahesabu magunia, anabishana na vibarua, kisha saa moja jioni anashika usukani.

Hebu tupige hesabu. Nairobi ataipita mnamo saa tano usiku, na hapo ameshakaa macho saa 17. Utafiti uliofanywa Australia na kuchapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho muda huo hufanya kazi kama mtu mwenye kileo cha asilimia 0.05 kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi humshtaki dereva kwacho. Alkoblow haikamati usingizi. Na pabaya bado hajafika. Kati ya Mtito Andei na Voi atapita saa tisa, saa kumi usiku, wakati ambao mwili wa binadamu unadai kulala hata kama ulipumzika. Barabara pale imenyooka, hakuna cha kukushtua ila taa za lori linalokuja.

Kinachoua si lazima usingizi mzito. Ubongo hujizima sekunde mbili, tatu, nne, na mwenyewe huenda asijue. Lori likienda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Sekunde nne ni karibu mita 90 bila dereva. Kidhibiti mwendo kitamzuia asizidi 80, lakini hakijui kama amelala.

Sasa kuna mitambo inayojua. Ulio bora ni kamera ndogo inayobandikwa mbele ya dereva, ikimwangazia uso kwa miale ya infraredi, ambayo jicho letu haliioni. Ndiyo maana hufanya kazi gizani bila kumsumbua. Kompyuta yake huzitafuta kope na kupima, katika kila dakika, ni kwa muda gani zimefunika mboni kwa asilimia 80 au zaidi. Mtu aliye macho hupepesa haraka. Mwenye usingizi, kope zake hushuka polepole na kuchelewa kupanda. Muda huo ukizidi, king'ora hulia au kiti hutetemeka.

Njia nyingine haimtazami dereva kabisa, huusoma usukani. Dereva aliye macho huurekebisha kidogo kidogo wakati wote. Anayesinzia huuacha, kisha huuvuta kwa ghafla. Mercedes-Benz walianza kuuza magari yenye ujanja huo mwaka 2009. Volvo walitangulia mwaka 2007 kwa kamera inayotazama mistari ya barabara, lakini mistari ikiwa imefutika, kamera hiyo haina la kusoma. Kipo pia kidude rahisi cha kuvaa sikioni kinacholia kichwa kikiinama. Mimi hicho sikipendi: macho hutangulia kufumba, kichwa hufuata, na mita 90 zimeshakwisha.

Ulaya, tangu Julai 2024, kila gari jipya na lori jipya linalouzwa lazima liwe na mtambo wa kumwonya dereva anayesinzia. Malori yetu mengi ni ya zamani, kwa hivyo tutangoja miaka. Lakini kamera hizi hufungwa pia kwenye gari kuukuu, na nyingine humpelekea mwenye gari ujumbe kwenye simu kila king'ora kinapolia.

Hapo ndipo penye neno. Nilimweleza dereva mmoja wa Mombasa niliyemkuta akipakia Ndabibi. Akacheka. "Ami, itanambia nimechoka. Hilo nalijua. Itamwambia tajiri anipe saa mbili nilale?"

King'ora humwamsha mtu kwa dakika chache, hakimpi usingizi. Wala miraa haimpi. Humficha tu mwenyewe asijione amechoka. Kinachosaidia njiani ni kusimama pahali salama, kunywa kahawa, kisha kulala dakika 15 hadi 20 hapo hapo, kwa sababu kahawa huchukua kama nusu saa kuanza kufanya kazi. Baada ya hapo ni kulala kwenyewe, au dereva wa pili. Kenya imeweka kikomo cha saa 8 za kuendesha katika saa 24 kwa dereva wa gari la abiria. Lori la Ndabibi halifiki Kongowea kwa saa 8.

Kwa hivyo ujumbe ule wa simu una maana tu ikiwa anayeupokea yuko tayari kusema "simama, lala". Na mwenye lori naye ana wa kumwogopa: dalali anayekata bei mzigo ukichelewa. Niliwauliza madalali wawili wa Kongowea kama wangepokea kabichi za Ndabibi saa nne asubuhi kwa bei ile ile ya alfajiri. Mmoja alikataa katakata. Wa pili alisema viazi sawa, viazi haviharibiki kwa saa nne, kabichi tuzungumze.